Weita wa Malindi Mezani Roma

Yule bwana alisimama mlangoni, menyu kaikumbatia kifuani, shati jeupe limenyooka kwa pasi. Mimi nilikuwa natoka kwenye chemchemi ya Trevi, ambako kwa nusu saa nzima nilisukumwa na umati wa watu wanaotupa sarafu majini huku wameipa chemchemi yenyewe mgongo. Jua lilikuwa la utosi na tumbo lilikuwa tupu. Akaniuliza kwa Kiingereza natoka nchi gani. Nikamwambia Kenya. Uso wake ukachanua.

"Jambo! Hakuna matata!"

Nikaingia.

Naona haya hata kulisimulia. Maneno hayo ndiyo yaliyonilisha miaka 11, nikiwa weita katika hoteli moja ya ufuoni Malindi. Tulimrushia mgeni "jambo" kama mvuvi arushavyo chambo, kisha tukatulia tuone kama mshipi utakaza. Sisi kwa sisi hatuamkiani hivyo. Malindi ukikutana na mzee utampa shikamoo, ukikutana na mwenzio utamuuliza habari za tangu jana. "Jambo" huwekewa yule anayeshuka kwenye basi la uwanja wa ndege na kofia mpya kichwani. Na siku hiyo mwenye kofia mpya alikuwa mimi. Nilikuwa nimeinunua asubuhi ile ile.

Menyu ilikuwa na picha za vyakula na bendera sita. Hapo ningegeuka nikaenda zangu, maana hotelini kwetu pia menyu ya picha ilikuwepo na sote tulijua hupewa nani. Nikaagiza spaghetti allo scoglio, tambi za vitu vya mwambani: kome, kamba, ngisi. Mtoto wa Malindi akiwa ugenini akaona ngisi kwenye menyu ni kama kakutana na jamaa yake stesheni. Nilipomtia mdomoni huyo jamaa nikajua ameshinda kwenye friza miezi. Ngisi wa kutoka mashuani hukatika kwa jino moja na huacha utamu. Huyu alilirudisha jino lilikotoka. Nikaichukua menyu tena, nikaona kinyota kidogo ubavuni mwa jina la sahani yangu, na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za kusomwa na mchwa, maelezo kwamba chenye kinyota huenda kimegandishwa. Italia kinyota hicho si cha ajabu, hata mikahawa mizuri huwa nacho, kwa sababu mteja lazima aambiwe. Mimi niliambiwa. Sikusoma.

Bili ilikuja imekunjwa juu ya kisahani. Tambi euro 22. Chupa ya maji euro 5. Mkate, ambao sikuuagiza na niliumega kipande kimoja tu, euro 3. Kahawa euro 4 na nusu. Chini yake huduma, asilimia 15. Jumla euro 39 na senti 68, karibu shilingi 6,000 za kwetu. Kwa pesa hizo ungenunua nguru mzima pale sokoni ukawalisha na majirani.

Usiku nikamwonyesha ndugu yangu picha ya bili. Ni mtoto wa ami yangu, mkubwa kwangu, yuko Roma mwaka wa 14 sasa, anaendesha gari la kusambaza mizigo, na nilifikia kwake, mtaa wa Tor Pignattara upande wa mashariki ya mji. Akaitazama simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mdogo wangu, kule hula watalii."

"Na mimi ni nani, kaka?"

Hakunijibu. Akaenda kuchemsha chai.

Alipotulia akanifundisha kuisoma bili kama mtu anavyosoma mkataba wa nyumba. Sehemu nyingi za Italia mkahawa hutoza coperto, ada ya kukalia meza yenye kitambaa, uma na kisu, na hutozwa kwa kichwa. Jimbo la Lazio, ambalo Roma ndio mji wake mkuu, liliipiga marufuku ada hiyo kwa sheria ya 2006. Basi wenye mikahawa wakaipa jina jingine, wakaiita mkate. Mkate una ruhusa kuukataa. Ukiletwa, sema hapana, urudi ulikotoka. Ukishaumega umeununua. Huduma nayo hutozwa kama imeandikwa kwenye menyu, na kwenye menyu yangu ilikuwa imeandikwa, jirani na maelezo ya kinyota. Kwa hivyo sikuibiwa. Afadhali ningeibiwa, ningepata wa kumlaumu. Kilichonifariji ni habari ya mwaka 2019 ya watalii wawili wa Kijapani waliokula tambi na samaki karibu na Castel Sant'Angelo, bili ikawajia euro 429 na senti 80, na ndani yake bakshishi ya euro 80 waliyokatiwa. Picha ya bili ile ilizunguka dunia. Yangu haikufika mbali, iliishia kwa mke wa ndugu yangu, naye akaituma Malindi.

Kwa asiyejua Malindi, nieleze kidogo, maana wengi hushangaa weita wa pwani ya Kenya anapata wapi Kiitaliano. Waitaliano walitujia kwa sababu ya roketi. Miaka ya 1960 walisimamisha jukwaa la chuma baharini, mbele ya Ngomeni, mradi wa San Marco, wakawa wanarusha setilaiti kutoka pale. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu, ikaitwa Uhuru. Wahandisi wakaleta wake zao, wake wakaleta marafiki, marafiki wakanunua viwanja, na leo mtoto wa Malindi hujua "ciao" kabla hajajua kuandika jina lake. Mimi Kiitaliano changu nilikiokota ukumbini, kati ya meza na meza. Nilijiona nakijua.

Asubuhi ya kwanza Roma niliingia kwenye baa, na huko baa ni mahali pa kahawa kwanza, ulevi baadaye. Muuzaji akanitazama, akangoja. Nikafungua kinywa, likatoka lile lililozoea kutoka: "Prego, desidera?" Karibu, ungependa nini? Nilimuuliza yeye! Akasimamisha kitambaa chake, akanitazama juu hadi chini, kisha akajibu kwa utulivu kabisa kwamba yeye angependa likizo. Watu wawili waliokuwa kando wakacheka. Ndipo nikagundua kwamba miaka yote ile nilijifunza nusu moja ya mazungumzo. Nilijua kukaribisha, kupendekeza, kuomba radhi kwa kuchelewa, kusema samaki wa leo ni gani. Kuomba sikujua. Nusu ya mteja nilikuwa naisikia tu, sijawahi kuitamka.

Kahawa yenyewe ina utaratibu wake. Baa nyingi za katikati ya mji unaanza kwa mwenye sanduku la pesa, unalipa, unapewa karatasi ya risiti, unaibeba hadi kaunta na kuilaza juu ya marumaru. Unakunywa umesimama. Mimi nililipa euro 1 na senti 20. Ukutani kuna orodha ya bei, na ukiitazama vizuri ina safu mbili, banco na tavolo, kaunta na meza. Kikombe kile kile, mashine ile ile, ukikipeleka mezani, hasa meza iliyo nje kwenye uwanja maarufu, bei hupanda mara tatu au nne. Unalipia kiti na mandhari. Sikuona ubaya wake, hata ufuoni kwetu kiti kina bei.

Lakini kule kunywa wima kulinishinda siku mbili za mwanzo. Kahawa ile ni kahawa yetu, kaka yake yule wa dele: nyeusi, chungu, kikombe cha kushikwa kwa vidole viwili. Kwetu mzee wa kahawa hugonga vikombe vyake jioni, dele juu ya makaa, na anayenunua kikombe cha kahawa na kipande cha kashata amenunua pia saa moja ya kukaa barazani na habari za mji mzima. Mrumi anakunywa mafunda matatu, anafuta mdomo, kaondoka. Nilijaribu kuivuta yangu iende mbali. Muuzaji akawa anapangusa kaunta mbele yangu, kushoto, kulia, mpaka nikaona nimsaidie kwa kutoka. (Cappuccino ni ya asubuhi. Niliagiza moja baada ya chakula cha mchana, nikaletewa bila neno, pamoja na jicho ambalo hupewa mtu anayeomba uji saa nane.)

Siku ya tatu ndugu yangu alinielekeza mkahawa wa mtaani, hatua kumi kutoka kituo cha tramu. Hakukuwa na mtu mlangoni. Menyu ilikuwa karatasi moja, mwandiko wa mkono, hakuna bendera. Nilifika saa kumi na moja na nusu jioni nikakuta pamefungwa, nikazunguka, nikarudi saa moja nikakuta wahudumu wenyewe ndio wanakula. Chakula cha usiku huanza saa moja na nusu. Hilo nalo nililijua Malindi: wageni wetu walishuka ukumbini usiku kweli kweli, sisi tukisema wamelala sana mchana.

Ndugu yangu alikuwa amenionya jambo moja kuhusu samaki. Bei uionayo kwenye menyu huenda si ya samaki, ni ya etto, yaani gramu 100, na huandikwa kwa herufi mbili tu, hg. Samaki wa gramu 600 piga mara sita. Hapo ndipo wengi huzamia. Kwa hivyo nilimwomba weita aniletee samaki mwenyewe nimuone na anipimie kabla hajaingia motoni. Hakukasirika. Alimleta kwenye sinia, orata mwenye macho mang'avu na matamvua mekundu, nikamkubali.

Akarudi baadaye kaokwa, kalala peke yake kwenye sahani na kipande cha limau. Basi. Nikaweka mikono mapajani nikangoja wali.

Dakika zikapita. Samaki ananitazama, mimi namtazama. Weita akaja akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia nasubiri kile kinachokuja na samaki. Hakuna kinachokuja na samaki. Mtaliano hali kwa sinia kama sisi, wali chini, mchuzi juu, mboga pembeni, kachumbari mlimani. Kwake kila kitu kina zamu yake: tambi au supu ni primo, huliwa kwanza na huondolewa; samaki au nyama ni secondo, huja uchi; mboga ni contorno, huagizwa kivyake na hulipiwa kivyake. Haya nayo niliyajua! Nimeyabeba mabegani miaka 11, primo, secondo, contorno. Lakini kubeba sahani na kuikalia ni mambo mawili, na njaa ya Mswahili hungoja wali.

Nikaagiza njegere. Zikaja zinang'aa kwa mafuta, ndani yake vipande vidogo vya waridi vya mraba. Moyo ukapiga. Nikamwita weita, nikamuuliza kwa adabu: "C'è maiale?" Kuna nguruwe?

"No, no!" akasema, kama mtu aliyesingiziwa. "Solo un po' di prosciutto."

Hakuna nguruwe, kuna prosciutto kidogo tu. Na prosciutto ni paja la nguruwe. Nimeapa nitalisimulia hili mpaka nizeeke. Yule bwana hakuwa akinidanganya, nilimuona machoni. Kwake nguruwe ni ile nyama ya kuchomwa inayojaza sahani; vile vipande vidogo ni kiungo, kama sisi tuonavyo kitunguu. Jiko la Roma limesimama juu ya mnyama huyo. Tambi zao kubwa ni nne, na tatu kati yake, carbonara, amatriciana na gricia, zote hupikwa kwa guanciale, shavu la nguruwe lililokaushwa. Ya nne, cacio e pepe, ni jibini ya pecorino na pilipili manga tu, na hiyo ndiyo niliyoila mpaka nikachoka. Kwa hivyo Mwislamu akienda huko asiulize kama kuna nguruwe. Aulize kwa majina: prosciutto? pancetta? guanciale? speck? lardo? Nilijiandikia orodha nyuma ya tiketi ya basi, nikawa namsomea weita kama anayeita watoto darasani.

Njegere zikarudi jikoni, sikutozwa. Badala yake nikaletewa cicoria, majani yaliyochemshwa kisha yakakaangwa kwa kitunguu saumu na pilipili kavu. Nilipoonja nikauweka uma chini. Mchunga! Uchungu ule ule wa mchunga wa nyanya yangu, unaoanza nyuma ya ulimi halafu unakuwa mtamu. Niliagiza sahani ya pili, nikakomba mafuta kwa mkate, na nikaona jirani zangu wanafanya vivyo hivyo. Wana hata jina la kukomba huko, fare la scarpetta, kutengeneza kiatu kidogo. Mkate ule niliulipia kwa moyo mkunjufu.

Kuhusu nyama, sikuwa na raha kula ya machinjio nisiyoyajua. Ndugu yangu akaniambia: nenda Ghetto. Nilidhani ananitania. Mtaa wa Mayahudi, ukingoni mwa mto Tiber, ambako Papa Paulo wa Nne aliwafungia ndani ya ukuta mwaka 1555 na kifungo kile, kwa vipindi, kikawabana zaidi ya karne tatu. Leo barabara ya Portico d'Ottavia imejaa mikahawa ya kosher, yaani chakula kilicho halali kwa Mayahudi. Nguruwe hakuna, swali lako hulimalizi. Nikaenda mbio siku ya Jumamosi mchana nikakuta kufuli kila mlango. Sabato, mwanawane. Nimezaliwa mji ambao maduka ya watu hufungwa Ijumaa kwa sala, na bado sikufikiria.

Jumapili nikarudi. Nilikula tambi za nyama ya ng'ombe nikaomba jibini juu yake, weita, kijana mwenye kofia ndogo ya Kiyahudi, akatikisa kichwa: nyama na maziwa havikai jiko moja. Akanitazama jina kwenye kadi nilipolipa, akaniuliza kama mimi ni Mwislamu, nikamwambia ndiyo. "Basi wewe hapa upumzike," akasema, "hapa huna haja ya kuuliza." Nilikuwa nimeuliza siku tano mfululizo. Hakujua alichoniambia.

Na pale ndipo nilipoonja carciofo alla giudia. Carciofo ni tumba la ua, kijani, umbo la nanasi changa, maganda juu ya maganda. Hukaangwa kwenye mafuta mara mbili: ya kwanza liive, ya pili lifunguke. Likija mezani limechanua kama alizeti ya shaba, majani ya nje yanapasuka mdomoni kama krispi za mhogo na moyo wake ni laini kama kiazi kilichotiwa siagi. Lina chumvi tu. Msimu wake huishia majira ya kuchipua, nililiwahi la mwisho mwisho. Hapo karibu kuna pia baccalà ya kukaanga, samaki aliyekaushwa kwa chumvi kisha akalowekwa. Nilipomwambia mama kwa simu kwamba Warumi wanakula ng'onda, na wanajivunia, alifurahi kuliko nilipomwambia nimeiona Colosseo.

Mengine niyapite haraka. Maji usinunue, mji una mabomba ya chuma mitaani yapatayo 2,500, huitwa nasoni, mapua makubwa, maji baridi yanatiririka mchana na usiku. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kwa kitundu kidogo, unakunywa bila kuinama. Pizza ya mchana inunue ya kukatwa, al taglio: huuzwa kwa uzani, muuzaji huweka kisu juu ya trei na kukuuliza kwa macho, hapa? Sogeza kisu kwa kidole mpaka uridhike. Na aiskrimu, angalia ya ndizi. Ikiwa ya njano kama koti la mvua, ondoka. Sisi tuliokulia migombani tunajua ndizi iliyopondwa huwa na rangi ya majivu ikikaa. Ndivyo aiskrimu ya kweli ilivyo. Milima mirefu inayong'aa kwenye kioo ni ya kupigwa picha. Iliyo nzuri mara nyingi imefichwa ndani ya vyungu vya chuma vyenye vifuniko.

Sasa nifike penye jambo lililonikosesha usingizi.

Usiku ule wa samaki nilimaliza kula nikangoja bili. Dakika 10. Dakika 20. Weita anapita, ananitabasamia, anaenda zake. Dakika 40. Nikaanza kuwaza yale ambayo mtu mweusi akiwa Ulaya huyawaza, nikahesabu ni nani mwingine mle ndani mwenye rangi yangu, hayupo. Hasira ikapanda. Kisha nikaangalia meza ya pili: bibi, watoto wake, wajukuu, sahani zimeondolewa zamani, kuna maganda ya machungwa tu kwenye kitambaa, nao wanaongea kama walioketi sasa hivi. Hakuna aliyewaletea bili wao pia.

Ndugu yangu akanifafanulia. Bili haiji mpaka uiombe, "il conto, per favore". Kukuletea bila kuomba ni kukwambia ondoka. Meza ukishaikalia usiku huo ni yako.

Nilikaa kitandani nikakumbuka. Hotelini kwetu supavaiza alitufundisha kuipeleka bili pamoja na kahawa, ndiyo huduma ya haraka, ndiyo ustaarabu. Na kila mara uso wa Mtaliano ulikunjamana. Tukidhani ni bei. Tukaambizana jikoni: hawa wakiona bili wanaugua. Kumbe miaka 11 nilikuwa nawafukuza wageni mezani, kwa tabasamu, na kisahani mkononi.

La bakshishi ndilo lililoniuma zaidi. Sisi tuliwaita mkono wa birika. Msimu ukianza tulipigiana kura za meza, na aliyepata Waitaliano alipewa pole. Wangekula vizuri, wakusifu, wakubusu mashavu, waache sarafu mbili au wasiache kitu. Roma nilikaa nikitazama meza za wenyeji zinavyoinuka. Waliolipa kwa kadi walilipa bili kamili, bila hata senti moja juu. Wachache waliacha chenji ya sarafu. Na weita aliwasindikiza mlangoni kwa uchangamfu ule ule. Mimi niliacha euro 5 usiku wa kwanza pale mtaani, weita akanifuata hadi nje akidhani nimezisahau.

"Hapa weita ana mshahara wa mkataba," ndugu yangu akasema. "Ana likizo ya kulipwa. Desemba analipwa mshahara wa mwezi wa 13, na wa 14 juu yake ukifika wakati wa kiangazi. Sarafu zako anazitaka za nini?"

Hawakuwa wabahili, basi. Walikuwa wanafanya kwetu kile wafanyacho kwao. Na sisi, ambao mshahara wetu ulipigiwa hesabu ukijumlisha na mkono wa mgeni, hatukuwahi kumwambia hata mmoja. Ungeanzaje? Menyu ilikuwa na lugha nne na hilo halikuandikwa kwa hata moja. Hata kwa kinyota.

Nilikuwa nimekwenda Aprili kwa sababu masika ikinyesha hoteli nyingi za Malindi hufunga na sisi hurudishwa nyumbani bila malipo. Julai tukafungua. Wiki ya pili wakaja mume na mke, watu wazima, kutoka Bergamo, wakakaa meza yangu ya ukingoni. Wakala pweza, wakanywa kahawa, wakakaa. Supavaiza akanikonyeza kutoka kaunta, akachora bili hewani kwa kidole. Nikajifanya sijamuona, nikapanga uma ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akanikonyeza tena. Bahari ikajaa ikaanza kupwa. Mwisho bwana akainua mkono: "Il conto, per favore." Nikampelekea.

Waliponipa mkono wa kwaheri mama yule alishika wangu kwa yake miwili, akasema hajapumzika hivyo tangu wafike. Juu ya kisahani waliacha shilingi 40, sarafu mbili za ishirini. Vijana wakanicheka. "Birika hilo limekumiminia!"

Zamu ilipoisha nikapita kwa mzee wa kahawa pale pembeni mwa msikiti. Nikampa sarafu moja, nikachukua kikombe, nikanywa mafunda matatu nimesimama, nikamrudishia.

Akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Wafukuzwa na nani, mwanangu?" akasema, na akasogea kwenye benchi kunipisha.